Takriri si Kujirudia: Kwa Nini Neno Moja Huja Mara Tatu

Kila msimu wa kampeni, kila baada ya khutba ndefu ya Ijumaa, na kila unapotoka wimbo mpya unaopigwa kutwa kwenye daladala za Darajani, mabishano yale yale huzuka barzani. Mmoja husema: "Yule bwana hana jipya, anajirudiarudia tu." Wa pili humjibu: "Wewe lugha huijui, ile ni takriri." Wa tatu, aghalabu mwanafunzi wa kidato cha nne, huongeza kwamba skuli wamefundishwa kuwa takriri ni "kurudia neno ili kusisitiza", basi kila anayerudia anasisitiza, na mjadala umefungwa.

Haujafungwa. Watatu hao wanazungumzia mambo tofauti wakidhani wanazungumzia jambo moja, na wote watatu wana sehemu ya haki. Msemaji anaweza kweli kuwa amekwama. Anaweza pia kuwa anafanya kazi ya kisanaa ambayo wazee wa visiwa hivi vya Unguja na Pemba waliijua kabla ya kuwapo kitabu cha tamathali za usemi. Na huyo mwanafunzi amepewa tafsiri fupi mno, inayomfungia mlango wa kuona mengine yote.

Takriri ni kurudia kwa makusudi kitu kimoja katika usemi au maandishi. Kitu hicho kinaweza kuwa sauti, neno, fungu la maneno, au sentensi nzima. La kushika hapo ni makusudi: msemaji alikuwa na njia nyingine ya kusema, akaiacha, akachagua kurudi pale pale. Kujirudia ni jambo jingine. Mtu amesahau kwamba alishalisema, au maneno yamemwishia, au anavuta muda mpaka wazo linalofuata limjie. Ukiyatazama kwenye karatasi, mawili haya yanaweza kufanana kabisa. Yanatofautiana katika kazi yanayoifanya.

Halafu kuna uradidi, na hapa wanafunzi huchanganya sana. Uradidi ni kurudufu neno au sehemu yake ili kupata neno lenye maana yake: polepole, sawasawa, mbalimbali, wawili wawili. Hiyo ni sarufi. Mama anayemwambia mwanawe "tembea polepole" hatumii sanaa yoyote, kwa sababu lugha yenyewe ndiyo iliyolirudia neno hilo kabla yeye hajazaliwa. Na kuna usambamba, ambapo kinachorudi ni umbo la sentensi, si maneno yake: "Mvua imeacha, jua limetoka, watu wameanua." Hakuna neno lililokuja mara mbili, lakini sikio limeshaona kwamba sentensi tatu zimekatwa kwa kipimo kimoja. Usambamba na takriri hupenda kuandamana, ndiyo maana watu huzichukua kuwa kitu kimoja.

Tukishatenganisha hayo, swali kubwa linabaki: kwa nini mtu mwenye maneno mengi kichwani arudie neno moja?

Sikio halina ukurasa wa nyuma

Msomaji akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji hana pa kurudi. Neno likishapita limepita. Na sehemu kubwa ya fasihi ya Unguja na Pemba iliishi kwa sikio muda mrefu kabla ya kuishi kwa jicho. Hata utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ulikusudiwa kughaniwa mbele ya watu. Ukisahau hilo, takriri zote zitakuonekea kuwa ni ziada.

Chukua hadithi za usiku. Msimuliaji huanza "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!" Kisha hadithi inaingia njiani, na hapo husikia: "Akenda, akenda, akenda, hata akafika penye mji." Mwalimu wa insha angeikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "alisafiri mwendo mrefu". Taarifa ingebaki, safari ingepotea. Ile "akenda" ya kwanza ni kuondoka. Ya pili ni njia. Ya tatu, ambayo msimuliaji huivuta sauti mpaka mtoto anayesinzia akafungua macho, ni uchovu wa njia. Mtoto ametembea na yule msafiri kwa muda wa maneno matatu. Hapo hakuna kilichosisitizwa; kilichofanyika ni kuupa umbali sauti yake.

Ndani ya hadithi hizo hizo mara nyingi mna wimbo. Msichana huuimba anapokutana na mtu wa kwanza, huuimba tena kwa wa pili, na tena kwa wa tatu. Mara ya kwanza watoto wanasikiliza. Mara ya pili midomo imeanza kucheza. Ya tatu wanauimba wao, na msimuliaji ananyamaza kidogo kuwaachia. Kurudia kumewageuza wasikilizaji kuwa wasimuliaji, na sioni njia nyingine ya lugha inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa wepesi kama huo.

Elimu ya dini nayo inalijua jambo hili vizuri. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akisema neno alilirudia mara tatu mpaka lifahamike. Sababu imetajwa waziwazi: lifahamike. Kwa hiyo unapomsikia khatibu akirudia aya au hadithi moja mara mbili au tatu, usikimbilie kusema amekosa la kusema. Msikitini mna mzee aliyeziba masikio kwa umri, mna kijana aliyeingia amechelewa, na mna mtu ambaye akili yake bado iko dukani.

Kila rudio lisogeze kitu

Lakini kufahamisha ni ngazi ya chini tu ya takriri. Kazi yake kubwa ni kusogeza maana. Hapa nitaomba msomaji amfikirie mpiga kasia. Pigo lake la kwanza na la kumi ni pigo lile lile: mkono ule ule, mwinamo ule ule, sauti ile ile ya maji. Ila kila pigo limeangukia maji mengine, kwa sababu mtumbwi umesogea. Takriri njema iko hivyo. Kujirudia ni kupiga kasia mtumbwi ukiwa umefungwa gatini.

Sijui mfano bora wa hilo kuliko hadithi ya Mtume ambayo kila mtoto wa chuoni ameisikia. Mtu alimwendea akamuuliza ni nani anayestahiki zaidi kufanyiwa wema wake. Akajibiwa: "Mama yako." Akauliza, kisha nani? "Mama yako." Kisha nani? "Mama yako." Kisha nani? "Kisha baba yako."

Maneno ya majibu matatu ya mwanzo ni yale yale, lakini hayakusikika sawa. La kwanza ni jibu. La pili linamshtua muulizaji, kwani yeye aliuliza kuhusu mtu mwingine, wa pili wake. La tatu linamwonesha kwamba mlango aliodhani umeshafungwa bado uko wazi, na mama bado yumo ndani. Baba anapotajwa mwishoni, jina lake linaangukia kwenye nafasi iliyochimbwa na majibu matatu. Jaribu kuisema habari hiyo kwa hesabu, kwamba haki ya mama ni mara tatu ya haki ya baba. Umesema kweli, na aliyesikia amesahau kabla hajafika nyumbani. Muulizaji wa kwenye hadithi hakusahau, kwa sababu aliuliza mara tatu akakutana na neno moja.

Adhana nayo tunaisikia mara tano kila siku, pengine bila kuona jinsi ilivyopangwa. Inaanza na Allahu Akbar mara nne. Shahada zote mbili zinarudiwa. Mwito wa kuijia sala unarudiwa, mwito wa kuujia ufanisi unarudiwa, na alfajiri huongezwa kwamba sala ni bora kuliko usingizi, nayo mara mbili. Kisha Allahu Akbar mara mbili. Halafu La ilaha illa Llah, mara moja, na kimya. Jambo la mwisho halikurudiwa, na ni neno la upweke wa Mungu. Sikio lililozoea jozi linaachwa na kitu kimoja. Kwa hiyo takriri haifanyi kazi pale tu neno linaporudi. Inafanya kazi pia pale lisiporudi, baada ya sikio kulitarajia.

Watu wengine huuliza, kwa adabu au bila adabu, kwa nini Surat Ar-Rahman irudie aya moja mara 31 katika aya 78. Swali la aya hiyo linawahusu majini na watu pamoja: ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha? Soma kinachotangulia kila rudio, utaona. Mara limetanguliwa na bahari mbili zinazokutana. Mara na lulu na marijani. Mara na vyombo vinavyokwenda baharini vikiwa virefu kama milima, aya ambayo sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa. Baadaye limetanguliwa na moto, na baadaye tena na mabustani ya peponi. Swali halikubadilika hata herufi, ila anayejibu anabadilika kila mara, kwa kuwa kila mara ana kitu kingine mbele yake cha kukanusha au kukiri. Surat Al-Mursalat ina mtindo wa jinsi hiyo hiyo, aya moja ya onyo ikirudi mara 10, na huko kinachoongezeka ni uzito.

Kituo, na siri ya mstari usiobadilika

Tuje kwenye mashairi, ambako watu wa Pemba tangu enzi za washairi Kamange na Sarahani wametamba, na ambako takriri imepewa kiti chake rasmi. Katika shairi la mistari minne, mstari wa nne huweza kurudi neno kwa neno mwishoni mwa kila ubeti. Huo ndio kituo cha bahari, na wengine huuita kibwagizo au kiitikio. Mshairi mvivu huutumia kuokoa kazi: akishatunga mstari mmoja, amepunguza robo ya jasho lake katika kila ubeti. Mshairi stadi huutumia kwa namna nyingine. Nimetunga beti mbili hapa kwa ajili ya kuonesha tu:

Maji yamejaa pwani, na kusi limeshafika,
Chombo kingali nangani, nahodha hajaamka,
Wenziwe wako kinani, samaki wanawashika,
Mwenye chombo tweka tanga, upepo haurudii.

Binti yuko nyumbani, wazee wameridhika,
Posa i mwako moyoni, kutamka watishika,
Akungoja hadi lini, miaka yamiminika,
Mwenye chombo tweka tanga, upepo haurudii.

Katika ubeti wa kwanza, kituo ni maneno ya bandarini. Chombo ni chombo, tanga ni tanga, upepo ni kusi. Katika ubeti wa pili hakuna bahari wala nahodha, kuna kijana anayeogopa kuposa. Kituo kimekuja vile vile, mizani nane kwa nane, lakini chombo sasa ni nini? Tanga ni nini? Upepo umekuwa umri wa watu wawili. Na zaidi ya hapo, ukirudi kuusoma ubeti wa kwanza baada ya wa pili, huwezi tena kuusoma kama habari ya uvuvi tu. Rudio limekwenda nyuma likaibadilisha maana ya pale lilipotokea mara ya kwanza. Mstari ambao ungebadilishwa maneno usingeweza kulifanya hilo. Ni kwa sababu haukubadilika ndipo tukalazimika kuuliza kilichobadilika ni kipi.

Kuna pia shairi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu. Maneno yaliyofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua unaofuata. Kama ubeti wangu wa pili ungeanza na "Upepo haurudii", tungekuwa tumeingia huko. Pindu hufaa hoja inayojengwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kila hatua inakanyaga pale iliyotangulia ilipoishia.

Taarabu imeuchukua urithi huu ikaukuza. Tangu zama za Sayyid Barghash, muziki huu ulipoletwa Unguja kutoka Misri, na tangu Siti binti Saad aliyezaliwa Fumba alipoufikisha katika sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, wimbo wa taarabu ni shairi lenye beti chache linaloweza kuchukua muda mrefu jukwaani. Muda huo unatokana na ala, na unatokana na kurudia. Mwimbaji huimba mstari, akaurudia, waitikiaji wakaupokea. Msikilizaji asiye mwenyeji hudhani wanajaza muda. Aliyekaa ukumbini anajua kinachotokea kati ya mara ya kwanza na ya tatu. Mara ya kwanza mstari unasikika kama maneno ya mtunzi. Mara ya pili kila mmoja ameanza kuupima na mambo yake mwenyewe: mume wake, jirani yake, aliyemchongea kazini. Mara ya tatu mtu anainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unageuka kumtazama nani amekaa upande wa pili. Mstari umehama kutoka kwa mtunzi ukaingia kwa yule anayetunza. Uhamaji huo unahitaji muda, na takriri ndiyo inayoutoa muda huo.

Kuna kurudia ambako hakusogezi maana yoyote, na bado ni takriri halali. Katika dhikri, katika Maulidi ya Homu pale safu za watu zinapoinama na kuinuka pamoja, katika ngoma ya kibati ya Pemba waitikiaji wanapoingia kwa pamoja, hakuna anayengoja habari mpya. Vivyo hivyo msemaji wa mkutano anapopaza "Mapinduzi!" na umati ukajibu "Daima!" Wote wanalijua jibu. Kinachotafutwa ni vinywa vyote vifunguke kwa wakati mmoja, pumzi ziende pamoja, mtu ajisikie yumo. Anayeikosoa takriri ya namna hii kwa kusema haina taarifa amepima kwa kipimo kisicho chake.

Mahali lilipowekwa rudio

Wanaofundisha fasihi hugawa takriri kwa mafungu mengi, na sitayapitia yote. Moja tu ndilo lenye faida kubwa kwa anayesikiliza hotuba: rudio liko wapi katika sentensi?

Likiwa mwanzoni, linajenga. Ukisema "Tulikaa kimya walipochukua ardhi. Tulikaa kimya walipokata mikoko. Tulikaa kimya maji yalipoingia mashambani," msikilizaji anajua sentensi ya nne inakuja na kwamba haitakuwa ya kukaa kimya. Likiwa mwishoni, linafunga mlango. Mfano mkubwa wa Kiswahili ni wa Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978: uwezo, sababu na nia ya kumpiga, kila kimoja kikifungwa kwa tunao au tunayo. Vitu vitatu tofauti viliingia, jibu lile lile likatoka. Msikilizaji wa redio hakuachiwa nafasi ya kuuliza "lakini je?" kwa sababu kila "lakini" ilikuwa tayari imejibiwa kwa tunayo. Angeweza kusema "tuna uwezo, sababu na nia". Ni maneno machache zaidi, na yangekuwa orodha ambayo hakuna mtu angeikumbuka hadi leo.

Yanayosemwa kimakosa

La kwanza ni lile la darasani, kwamba kurudia ni kusisitiza. Sarufi yetu yenyewe inalikanusha. Kitambaa cha kijanikijani hakikuzidi ukijani, kimeupungukia. Maji ya chumvichumvi si ya chumvi sana, ni yenye dalili ya chumvi. Mtoto anayeumwaumwa haumwi zaidi ya anayeumwa, bali homa inakuja na kuondoka. Anayechekacheka hachekeshwi na kitu. Na wanafunzi wanaoingia wawili wawili wamegawika kwa kufuatana. Ikiwa katika ngazi ya neno tu kurudia kunaweza kupunguza, kugawanya, kutawanya na kuendeleza, kwa nini tuiwekee takriri ya kisanaa kazi moja peke yake? Takriri inaweza kuonesha umbali, kama "akenda". Inaweza kuonesha mshangao, uchovu, kejeli, woga, au mtu aliyepigwa na msiba asiye na neno jingine la kutamka. Mwenye kufiwa anayeketi akisema "mwanangu, mwanangu" hasisitizi chochote kwa yeyote.

La pili ni kinyume chake: kwamba kurudia neno ni kosa la uandishi, na mwandishi mzuri hubadilisha. Ushauri huu umeharibu kurasa nyingi za magazeti. "Daktari alifika Wete Jumatatu. Mtaalamu huyo alizungumza na wakulima. Msomi huyo akaahidi kurudi." Wamefika watu wangapi Wete? Mwandishi aliogopa kuandika "daktari" mara mbili, akazaa watu watatu. Palipo na haja ya kutaja mtu yule yule, neno lile lile ndilo lililo wazi zaidi, na Kiswahili kina viambishi vinavyobeba mtendaji bila hata kumtaja tena: alifika, akazungumza, akaahidi. Wanaoandika mikataba na wasia hurudia jina la shamba na jina la mrithi kila mahali bila aibu, kwani wanajua gharama ya utata.

La tatu ni imani kwamba kadiri unavyorudia ndivyo neno linavyozidi nguvu. Jaribu mwenyewe: chukua neno la kawaida, tuseme "kikombe", ulitamke haraka haraka kwa muda. Baada ya kitambo litakuwa kelele tu ya kinywa, maana imetoweka. Leon Jakobovits alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake kwenye Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1962, akaonesha kwamba neno linalorudiwa mfululizo hupungukiwa na maana kwa muda katika akili ya anayelitamka. Ndiyo maana tatu ni idadi inayopendwa sana na wasimulizi, na ndiyo maana Ar-Rahman haiweki marudio yake mfululizo. Pumzi iliyo kati ya rudio na rudio ndiyo inayoliweka hai neno.

La nne ni zito kuliko yote, na hapa nataka kusema bila kuzunguka. Watu wengi wanaamini kuwa jambo wanalolisikia kila upande lazima liwe na ukweli fulani. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwapa watu sentensi za mambo ambayo si rahisi mtu kuwa na uhakika nayo, mara tatu, kwa kuachanisha wiki mbili mbili. Baadhi ya sentensi zilirudi, nyingine zilikuwa mpya kila mara. Zilizorudi zilizidi kuaminiwa kila mara, za kweli na za uongo sawasawa. Ulimi wetu unapozoea kitu, akili huchukua ule wepesi wa kukitambua kuwa ni dalili ya ukweli.

Hilo ndilo linalofanyika kwenye simu zetu. Ujumbe unaosema dawa fulani inaponya sukari unaletwa na shangazi wa Chake Chake, jioni na mfanyakazi mwenzako, kesho kwenye kundi la harusi. Ni ujumbe mmoja uliopita mikononi mwa watu watatu, lakini kichwani umehesabiwa kuwa mashahidi watatu. Wanasiasa wanalijua hili. Wauza bidhaa wanalijua pia. Kwa hiyo unapomsikia msemaji akirudia dai, si sauti au taswira bali dai, jiulize: je, kila mara alipolirudia aliongeza ushahidi, au aliongeza idadi ya marudio tu? Katika hadithi ya "mama yako" hakuna dai linalojificha. Jibu limetolewa mara ya kwanza na marudio yanalipa uzito. Katika uzushi, marudio ndiyo yaliyokaa mahali pa ushahidi.

Basi barzani, badala ya kubishana kama yule bwana ana takriri au anajirudia, liondoe lile rudio ukasikilize kilichoanguka. Kama hotuba imepona na hata imepata afya, alikuwa anajirudia. Kama kuna kitu kimepungua, umbali au uzito au zamu ya wasikilizaji kuingia, basi ulikuwa na sanaa mkononi.

Na kwa mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani: "mshairi ametumia takriri ili kusisitiza" ni sentensi inayoweza kuandikwa na mtu ambaye hajalisoma shairi. Andika kilichorudi, kilirudi wapi, na kilipata nini kiliporudi. Kwa beti mbili za hapo juu, ningeandika hivi: "Kituo 'Mwenye chombo tweka tanga, upepo haurudii' kinatokea mwishoni mwa beti zote mbili bila kubadilika. Katika ubeti wa kwanza kinamwamsha nahodha aliyelala maji yakiwa yamejaa. Katika ubeti wa pili kinamwendea kijana anayeogopa kuposa, hivyo chombo na upepo vinapata maana ya maisha na umri. Kwa kuwa maneno ni yale yale, msomaji anarudi kwenye ubeti wa kwanza na kumwona nahodha naye kuwa ni mtu anayepitwa na wakati wake."